Udongo wa Shamba la Mama

Kalisoga, 4 Agosti 1986

Mdogo wangu Jumeri,

Pokea salamu zangu, na umfikishie mkeo Watini na wale wanangu wawili ambao mpaka leo nawajua kwa ile picha mliyotuma, yenye ukungu kama imepigwa jikoni. Huku sote tunapumua. Kiangazi kimekaza, kisima chetu kimeshuka lakini hakijakauka. Goti la shemeji yako Sukiran limepoa kidogo, ameanza tena kupanda minazi. Paa letu tumelibadilisha, halivuji tena, kwa hiyo mvua zikija sitahamahama na mkeka usiku kucha. Mama anakula vizuri na ulimi wake haujazeeka. Juzi kwenye karamu ya kumwombea marehemu fulani alimwambia mke wa mkuu wa kijiji, mbele ya watu, kwamba mchuzi wake una ladha ya maji yaliyooshea sahani. Tulicheka mpaka tukaona aibu.

Sasa jambo lenyewe. Kaka Karsidi analichimba shamba la mashariki. Sisemi analilima, nasema analichimba. Malori ya tanuri la vigae yanakuja kila asubuhi, manne au matano, yanaondoka yamejaa udongo ule mweusi wa juu, ule ambao Mama alikuwa akiufinyanga mkononi na kutuambia tunuse. Walipoumaliza mweusi wakaanza mwekundu wa chini. Nilisimama juu ya tuta la jaruba nikatazama, nikaona kama natazama mnyama anachunwa ngozi huku bado anahema.

Mama hajui. Miguu yake haimfikishi tena kule, na mianzi imeziba njia. Tumemwambia shamba limepumzishwa msimu huu.

Nimekuandikia ili nawe ujue. Sema neno, Jumeri. Wewe Kaka anakusikiliza kuliko mimi.

Dada yako,
Ngatinah


Tanjungrata, Lampung, 2 Septemba 1986

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika, tumeisoma mara mbili, watoto wamecheka sana habari za mchuzi. Sisi tu wazima. Mihogo imetoka vizuri, pilipili manga imeanza kutoa maua. Tembo walipita bloki ya mashamba ya jirani wakakanyaga migomba yake yote, kwetu hawakufika, namshukuru Mungu. Mwaka huu nimepata ng'ombe wawili wa kuvuta plau, madume ya kweli, kwa hiyo mgongo wangu umepata likizo.

Nimefurahi kusikia goti la shemeji limepoa. Mwambie ajipake tangawizi iliyopondwa, asiende kwa yule mganga wa sokoni.

Mpe Mama pole na salamu zangu. Mwambie kila Ijumaa namwombea.

Karatasi imeisha. Watini anakusalimu.

Mdogo wako,
Jumeri


Kalisoga, 29 Septemba 1986

Jumeri,

Wote wazima, hata kuku. Mtoto wa Mzee Darmo ameoa, harusi ilikuwa na wayang, mchezo wa vivuli vya vikaragosi, usiku kucha, mpiga vikaragosi alisinzia kabla ya watazamaji. Basi, hizo ndizo habari.

Karatasi yako ilitosha tembo, ikatosha ng'ombe, ikatosha tangawizi. Shamba halikuenea?

Shimo sasa limefika kina cha mtu mzima akisimama. Wachimbaji wanajisaidia humohumo pembeni, wanatupa humo mifuko ya plastiki na mabaki ya chakula, na watu wa kijiji wameona pamekuwa pa kutupia, wanatupa kuku waliokufa kwa kideri. Nzi wanavuma utadhani ni pale wanapochinjia. Jaruba la Mzee Darmo limebomoka upande wetu, maji yake yote yanamiminikia shimoni. Alinisimamisha njiani, yule mzee ambaye hajawahi kupandisha sauti.

"Ngatinah," aliniambia, "miaka arobaini nilikuwa jirani wa marehemu baba yako. Sasa nimekuwa jirani wa choo. Nilifunge shamba langu kwa kamba lisiangukie huko?"

Nikaenda kwa Kaka mchana uleule. Nilimkuta barazani anakula supu ya kuku, jasho linamtiririka, mafuta yamemfika kwenye kiwiko.

"Kaka, unachimba mpaka wapi?"

"Mpaka patakapoacha kuwa laini."

"Na mpunga tutapanda wapi?"

"Mpunga! Mpunga panya wanataka, nondo wanataka, mkuu wa kijiji anataka, wenyewe nao unataka mbolea. Udongo hautaki kitu. Unabebwa tu." Akanyonya mfupa, akauchunguza kama umebaki kitu, akaunyonya tena.

Mkewe Yatmi akacheka kutoka ndani: "Wifi, karibu chai basi. Mbona umesimama kama polisi?" Ameweka jino la dhahabu. Anacheka sasa kwa mambo yasiyochekesha ili tulione.

Nilikataa chai. Kinyaa kilinipanda, Jumeri, kwa mtu tuliyenyonya naye titi moja.

Ngatinah


Tanjungrata, 11 Novemba 1986

Dada yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua zimekata barabara, tarishi hakufika kwenye bloki yetu wiki nne. Mtoto mdogo aliugua malaria, amepona, amebaki na macho makubwa tu. Watini ana mimba ya miezi mitatu.

Unauliza mbona sikusema kitu. Niseme nini, Dada? Kati yangu na ninyi kuna bahari na basi la siku mbili. Kaka ndiye mkubwa, ndiye anayekaa na Mama. Tusimhukumu upesi. Huenda anashusha shamba ili maji ya mfereji yaingie vizuri. Lile shamba siku zote lilikuwa juu kupita mengine.

Lakini nataka kujua mambo mawili, na unijibu wazi. La kwanza, Mama analala wapi? Jamaa mmoja wa Kalisoga aliyekuja huku kutafuta kazi alisema amepita nyumbani akaona ukumbi wote wa mbele umejaa vigae vibichi vinavyokaushwa, mpaka ndani ya chumba cha Mama. La pili, udongo hauwezi kutoka shambani bila karatasi ya ridhaa ya warithi kwa karani wa kijiji. Nani aliitia saini?

Jumeri


Kalisoga, 20 Desemba 1986

Mdogo wangu,

Hongera kwa mimba ya Watini. Asinyanyue maji, na asile nanasi. Huku mvua zimefunguka. Sukiran alianguka kutoka kwenye mnazi, si juu sana, ameumia mbavu, anapumua kwa kuchagua.

Mama analala jikoni. Nimekujibu. Analala jikoni, kwenye kitanda cha mianzi, na kati yake na zizi la mbuzi kuna ukuta wa mianzi iliyosukwa ambao mbuzi wameutafuna mpaka Mama ameweza kuniambia kila mmoja ana tabia gani. Mkojo wa mbuzi unapita chini ya kitanda. Ukimkumbatia, nguo zako zinanuka siku nzima. Nilimwambia Kaka, akasema jikoni kuna joto na wazee wanapenda joto. Nilimwambia Yatmi, akasema vigae vibichi vikipigwa jua vinapasuka. Mama mwenyewe nilimwambia aje kwangu.

"Nyumba ni yangu," alinijibu. "Kiwanja nilipewa na shangazi yangu kwa jina langu. Nihame kwangu kwa ajili ya vigae? Vitakauka, vitaondoka."

Vinakauka, vinaondoka, vinaletwa vingine. Anayemwosha na kumbadilishia mkeka si mimi wala si Yatmi. Ni Saminem, yule mjane muuza tempe wa nyuma ya msikiti. Anapita kila alfajiri na kikapu chake cha soya zilizovundikwa kwenye majani ya mgomba, anamwachia Mama vipande viwili na kumwogesha kabla ya kwenda sokoni. Usiniulize mbona si mimi. Nina mgonjwa wa mbavu ndani.

Shimo limejaa maji. Yamekuwa ya kijani, mazito, yanatoa mapovu yenyewe. Upepo ukigeuka tunafunga madirisha.

Na wewe nikuulize moja. Hayo maneno ya kushusha shamba ili maji ya mfereji yaingie vizuri, umeyatoa wapi? Mimi sikuyaandika kwenye barua yoyote.

Ngatinah


Kalisoga, 18 Januari 1987

Jumeri, bila salamu ndefu, wote wazima isipokuwa mambo haya.

Mama ameanguka shimoni. Yu hai, usishtuke.

Jumatano alisikia mtoto wa mtu akisema "shimo la Mbok Rubiyah", na Mbok Rubiyah ni yeye. Akauliza shimo gani. Mtoto akakimbia. Basi akachukua fimbo, akajikokota mpaka mashariki, peke yake, kwenye mvua. Alipofika kwenye jaruba hakuamini macho yake, akasogea ili aone vizuri, na ukingo ukamegeka. Aliingia mpaka kifuani. Si maji yale, ni uchafu wa nusu mwaka. Hakupiga kelele. Saminem alikuwa akirudi sokoni kwa njia ya mkato, akaona fimbo imelala juu ya nyasi. Alishuka na nguo zake, akafungua kilemba chake, akamvuta kwacho.

Nilipofika walikuwa kisimani kwa Saminem. Alikuwa akimmwagia maji Mama kichwani, ndoo baada ya ndoo, na kila ndoo inashuka nyeusi. Manyoya ya kuku yalikuwa yamemshika kwenye nywele. Mama yetu, Jumeri. Yule aliyekuwa akipiga pasi hata kanga ya kulalia.

Nikataka kumpokea Saminem ndoo. Mama akaniuliza, hata hajafuta uso: "Nani ameliuza?"

"Karsidi," nilisema.

"Karsidi peke yake?"

Nikasema mbavu za Sukiran zinauma, lazima nirudi.

Ngatinah


Tanjungrata, 9 Februari 1987

Dada,

Nimelia mbele ya watoto. Watini alidhani Mama amekufa. Namshukuru Mungu, na Saminem Mungu amlipe.

Karsidi si mtu. Nasema wazi, na unaweza kumsomea. Mtu anayemweka mama yake karibu na mbuzi, akamchimbia shimo la taka, hafai kuitwa kaka. Mpelekeni kwa mkuu wa kijiji, mpelekeni wilayani. Kama ningekuwa huko ningemshika shingo nikamzamisha humohumo mpaka ayanywe.

Siwezi kuja sasa. Watini amevuka nusu ya safari, na pilipili manga inachumwa mwezi ujao. Naambatisha picha ya watoto kwa ajili ya Mama.

Jumeri


Kalisoga, 3 Machi 1987

Jumeri,

Sukiran anakaa sasa bila kuegemea. Mpunga wa wengine umechanua, ukipita asubuhi unasikia harufu yake mpaka kwenye mianzi, halafu unapita ile harufu nyingine.

Tumekwenda kwa mkuu wa kijiji, kama ulivyoshauri. Hatukumpeleka Karsidi. Mama ndiye aliyekwenda, ameshikwa mkono na Saminem, na mimi nikafuata nyuma kwa sababu sikuwa na njia ya kutofuata. Mkuu wa kijiji alikuwa mjini, au alisema yuko mjini. Karani alikuwapo. Mama akakaa, akakataa chai, akasema, "Nisomee ile karatasi."

Karani akajikuna shingo. "Mama, karatasi zenyewe ni za kiofisi..."

"Mimi sijui kusoma. Ndiyo maana nakwambia unisomee wewe."

Akasoma. Udongo wa shamba la mashariki utachukuliwa kwa ridhaa ya warithi wote, kwa nia ya kushusha shamba ili maji ya mfereji yaingie vizuri. Karsidi, mtoto wa kwanza, ametia saini. Ngatinah, mtoto wa pili, ametia saini. Jumeri, mtoto wa tatu, ametia saini, barua yake ya Lampung imeambatishwa.

"Soma tena," Mama alisema.

Akasoma tena.

"Na jina langu?"

"Mama, daftari lina jina la marehemu. Warithi ni watoto."

"Lile shamba nilikwenda nalo kwa mume wangu. Yeye alikuja na mundu na shati moja."

"Najua, Mama. Kijiji kizima kinajua. Lakini daftari lilipoandikwa, mashamba yote waliyaandika kwa wanaume."

Mama alinigeukia. Hakukasirika, ningefurahi kama angekasirika. Alinitazama kama anavyotazama samaki sokoni, anapofunua shavu kuona kama bado ni mwekundu, kisha anamrudisha kwenye kapu na kujifuta vidole. Akainuka, akaondoka na Saminem.

Sasa nimekwambia. Ndiyo, niliitia saini, mwezi wa tano mwaka jana. Kaka alikuja na karatasi na ahadi ya lori la vigae vya udongo uleule. Alisema ni shubiri tatu tu za kushusha shamba. Mimi nimelima lile shamba tangu nikiwa na miaka saba, najua lilikuwa na maji ya kutosha. Nilijua, nikatia saini, kwa sababu nilichoka kulala chini ya makuti yaliyooza. Nimekuwa nikikuandikia barua za kinyaa huku nimekaa chini ya udongo wa Mama, uliochomwa na kupangwa vizuri juu ya kichwa changu. Mvua ikinyesha nalala mkavu.

Lakini saini yako niliiona kwa macho yangu. Ile J yako ya kujipinda. Kwa hiyo usinielekeze tena nani wa kuzamishwa.

Ngatinah


Tanjungrata, 26 Aprili 1987

Dada Ngatinah,

Mara tatu nimeanza barua hii na mara tatu Watini ameitia motoni jikoni kwa kunihurumia. Amejifungua mapema kidogo, msichana, anaishi. Tumempa jina la Rubiyah.

Ni kweli. Kaka aliandika mwezi wa nne mwaka jana, akatuma hawala ya posta pamoja na karatasi ya kutia saini. Nilinunua ng'ombe. Nilijiambia kwamba mimi sitarudi Jawa kulima, kwamba fungu langu linaoza bure, kwamba shubiri tatu si kitu. Ulipoandika habari ya malori nikajua si shubiri tatu, nikanyamaza, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamekwisha kuzoea sauti yangu.

Kila asubuhi nawafunga nira. Wanavuta vizuri. Nikiwatazama nyuma, mikia yao imeshika kinyesi, wanatafuna, wanajamba, najiambia kwamba hawa ndio shamba la mama yangu.

Sijui niandike nini zaidi.

Jumeri


Kalisoga, 15 Mei 1987

Mdogo wangu Jumeri,

Hongera ya mtoto. Nilimwambia Mama jina lake. Alisema, "Jina ni la Mungu, yeyote aweza kulichukua." Saumu inaendelea, sote tunafunga isipokuwa Sukiran, mbavu hazijamruhusu.

Sasa soma vizuri, kwa maana hili ni kubwa. Mama amempa Saminem kiwanja. Chote. Nyumba, minazi kumi na moja, kisima, mpaka mianzi ya nyuma. Kile kiwanja daftari lina jina lake, hakuna wa kumzuia. Alikwenda kwa karani mara ya pili, na mashahidi wawili, imamu na Mzee Darmo. Akaweka kidole gumba kwenye wino, akagandamiza, akasema, "Nimempa aliyenitoa matopeni."

Karani akamkumbusha kwamba ana watoto watatu.

"Wamekwisha kula fungu lao," alisema. "Sitaki waje wavimbiwe."

Jioni ile akaingia ukumbini kwake, akaanza kubeba vigae vibichi kimoja kimoja na kuvitoa nje kwenye mvua. Havikupasuka, vililainika tu, vikarudi kuwa matope. Karsidi alipiga kelele mpaka watu wakajaa. Mama alikuwa akirudi ndani kuchukua kingine. Watu walitazama kidogo, kisha Mzee Darmo akavua kandambili, akaingia, akatoka na viwili. Baada yake wakaingia wengine. Karsidi akamshika mkono mmoja wao, yule mtu akamwambia, "Niache, Mas Karsidi, nanuka shimo lako mwaka mzima." Siku ya tatu Karsidi na Yatmi wakahamia kwenye kibanda cha tanuri. Wanasema ni kwa muda.

Mimi nimefurahi, usinielewe vibaya. Lakini Jumeri, minazi ile alipanda nani? Mwanamke asiye hata ndugu wa mbali, mikono yake inanuka soya zilizovunda, ndiye atakayerithi ukumbi ambamo baba alioshwa maiti yake? Sukiran anasema bado inaweza kubadilishwa kabla hati haijapelekwa wilayani. Mimi Mama hanisemeshi. Karsidi ndiyo kabisa. Wewe ulikuwa kipenzi chake. Idi ni wiki mbili zijazo. Njoo. Mpigie magoti, shika miguu yake, omba radhi kama tulivyofundishwa, hawezi kumkataa mtoto siku ya Idi. Kisha taratibu zungumzia kiwanja. Mlete na huyo mtoto mwenye jina lake.

Uje kwangu kwanza, tupange maneno.

Dada yako,
Ngatinah


Tanjungrata, 20 Juni 1987

Dada Ngatinah,

Nimerudi Lampung salama. Watini na watoto hawajambo.

Najua umesikia kwamba nilifika Kalisoga na sikupita kwako. Ulipika, nimeambiwa, ukaweka sahani yangu. Nisamehe kwa chakula kilichoharibika. Nilishuka kwenye basi siku ya pili ya Idi, asubuhi, na barua yako ikiwa mfukoni. Nilitaka kuja kwako kwanza. Nilipopita njia ya mashariki, nikasimama pale penye shimo. Hukuandika yote, au labda haiandikiki. Nilitapika chini ya mianzi, nikajua kwamba nikija kwako tukapanga maneno, nitayasema, maana mimi ni mtu wa kusema maneno niliyopangiwa. Nikaenda moja kwa moja kwa Mama.

Alikuwa barazani amevaa vizuri, nywele zimebanwa, anachambua mchele. Ukumbi ulikuwa umefagiwa. Nikavua viatu, nikaanza kwenda kwa magoti tangu kwenye kizingiti, mikono imeunganishwa, kama tulivyokuwa tukifanya sote watatu kwa mstari. Nilikuwa nimelishika vizuri lile neno la kuomba radhi.

Akainua mkono. Akasema, kwa ile lugha ya juu, Dada, lugha ya adabu kubwa, ile tunayozungumza na afisa wa wilaya au mtu tuliyekutana naye kwenye treni, "Tafadhali bwana asipige magoti, sakafu ni baridi. Bwana akae kwenye kiti."

Maisha yangu yote Mama amenisemesha kwa lugha ya ndani. Amenitukana kwayo, amenibembeleza kwayo, ameniita mbwa na ameniita dhahabu. Sikumbuki hata siku moja kunisemesha kwa lugha ya juu. Nilidhani umri umemchanganya.

Nikakaa. Akaniletea chai mwenyewe, kwa mikono miwili, ameinama kidogo kama anavyoinamiwa mgeni. Akaleta na muhogo wa kukaanga.

"Bwana ametoka mbali?"

"Lampung," nikasema.

"Aa. Huko wanasema ardhi ni nyingi. Safari haikumchosha bwana?"

"Mama, ni mimi."

"Karibu sana. Bwana asione haya, anywe chai ingali moto."

Saminem akatoka jikoni na kikapu. Nikamfuata mpaka kisimani, nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Yu Saminem, Mama amesahau watu?"

Akanitazama, akaona kwamba nauliza kweli. "Asahau? Asubuhi hii amenitukana kwa sababu nimechelewa dakika kumi na maji yake. Kuku wake ishirini anawajua kwa tabia. Hajasahau kitu, Mas." Kisha akasema, kama anayeniomba radhi yeye, "Kiwanja mimi sikukiomba. Nilimwambia awape ninyi. Akasema nikimwambia tena atanisemesha kama anavyokusemesha wewe."

Nikarudi barazani. Kiwanja sikukitaja, wala sikumtaja Karsidi, wala wewe. Nikatoa picha ya mtoto. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu sana. Nikaona midomo yake inatikisika, nikasema moyoni, sasa hivi, sasa hivi ataniita jina langu.

"Mtoto mzuri," alisema. "Bwana amlee vizuri." Akanirudishia picha kwa mikono miwili.

"Ibaki kwako, Mama."

"La, ni ya bwana. Mimi picha za watu siweki."

Nikanywa chai yote, Dada. Nikala na muhogo, kipande baada ya kipande, kwa sababu mgeni akikaribishwa hakatai. Nilipoinuka alinisindikiza mpaka kwenye ngazi ya chini kabisa, si hatua moja zaidi, akaniinamia, akanishukuru kwa kupita kwake, akaniombea njia njema.

Nikamshukuru nami kwa lugha ileile.